Jinsi ya Kuandika Wasifu wa Kuombea Kazi ya Uhudumu wa Afya: Mwongozo Kamili kwa Vijana wa Tanga

Kila likitoka tangazo la ajira za afya, steshenari ya mpwa wangu hapa Ngamiani hujaa. Vijana huja na bahasha za kaki, vyeti vimekunjwa mara nne, na ombi lao ni moja: "Bibi, naomba unitolee sivii." Kutolewa sivii maana yake ni kufungua wasifu wa mtu aliyepita wiki iliyopita, kufuta jina lake na kuweka lako. Dakika 5 umemaliza.

Mimi ni muuguzi mstaafu. Miaka mingi nilikuwa mkuu wa wodi, na mara kadhaa niliitwa kukaa kwenye jopo la usaili. Siku moja tulipokea maombi matano yenye sentensi zilezile, hadi kosa la tahajia lilikuwa lilelile, na moja lilikuwa bado na kijiji alichozaliwa mwenye sivii ya kwanza. Huenda waombaji wale walikuwa wazuri. Hatukuwa na njia ya kujua.

Kwa hiyo shika jambo moja kabla hatujaanza. Anayesoma wasifu wako anatafuta mikono ya kuingia wodini. Mwandikie mikono yako imeshafanya nini, wapi, kwa muda gani na chini ya nani.

Hatua ya 1: Jua jina la kazi unayoiomba

Majina yanafanana na watu huyachanganya. Mhudumu wa afya ni yule wa ndani ya hospitali, kituo cha afya au zahanati. Matangazo ya Serikali kwa kawaida humtaka mtu aliyemaliza kidato cha nne na kuhitimu mafunzo ya mwaka mmoja ya fani ya afya katika chuo kinachotambuliwa na Serikali. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii ni kada nyingine. Huyo hupita kaya kwa kaya. Muuguzi naye amesomea uuguzi na ana leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania.

Wapo wanaojiandika "nesi" au "muuguzi msaidizi" kwa sababu majirani wanawaita hivyo. Usifanye hivyo. Uuguzi unalindwa na Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010, na kujitambulisha kuwa muuguzi bila kusajiliwa ni kosa. Andika cheo chako kama kilivyo kwenye cheti, neno kwa neno.

Kisha chukua tangazo na kalamu, upigie mstari kila kitendo. Kwenye matangazo ya mhudumu wa afya utakuta mambo haya: kufanya usafi wa wodi na mazingira, kuwasaidia wagonjwa wasiojiweza kuoga, kula na kwenda haja, kupeleka sampuli maabara, kuchukua dawa stoo, kuwasindikiza wagonjwa eksirei, kuosha na kuandaa vifaa, kupeleka mwili mochwari. Mistari uliyoipiga ndiyo maswali. Wasifu wako ni majibu yake.

Hatua ya 2: Vyeti vyote mezani kabla hujaandika hata neno

Tandaza cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne, cheti cha mafunzo na kitambulisho cha Taifa. Soma majina herufi kwa herufi. Huku kwetu pwani tatizo hili ni kubwa: Mwanaidi kwenye cheti cha shule, Mwanahidi kwenye kitambulisho, kimoja kina jina la babu, kingine hakina. Kama majina yanatofautiana, mwone wakili mapema akuambie unahitaji hati ya kiapo au hati ya kubadili jina, na uiambatishe. Wasifu uandike kwa jina lililo kwenye vyeti vya taaluma. Usiongeze jina la mume.

Andika pembeni miezi na miaka ya kila jambo: ulianza shule lini, ulimaliza lini, mafunzo yalianza lini. Tarehe za wasifu zikipishana na za vyeti, msomaji ataacha kuamini hata yale ya kweli.

Hatua ya 3: Kichwa

Kichwa ni kifupi: majina matatu, mtaa na kata, sanduku la posta kama unalo, simu, baruapepe. Tarehe ya kuzaliwa iweke, kwa sababu matangazo mengi ya utumishi wa umma yana kikomo cha umri cha miaka 45. Dini, kabila, uzito na urefu havihitajiki. Namba ya kitambulisho cha Taifa, ile ya tarakimu 20, utaijaza kwenye mfumo wa maombi. Usiitawanye kwenye karatasi zinazoachwa juu ya meza za watu.

Nikuombe sana kuhusu simu. Kuna binti mmoja tulimchagua kwenye hospitali moja ya binafsi. Tulimpigia mara tatu kwa siku mbili, simu haipatikani. Wiki mbili baadaye alikuja na shangazi yake kuulizia. Namba aliyoandika ilikuwa ya kaka yake, ambaye alishahamia Dar es Salaam na kubadilisha laini. Nafasi yake ilikuwa imeshajazwa, na aliyeingia alikuwa wa pili baada yake. Nilimsindikiza hadi getini, sikupata neno la kumwambia. Andika namba yako mwenyewe, na ya pili ya mtu unayeishi naye nyumba moja. Kisha ipige kutoka simu nyingine, usikie inaita.

Baruapepe nayo iwe ya majina yako. Kama huna, fungua mpya leo na uandike nywila yake mahali salama. Usitumie ya kijana wa steshenari, maana majibu yatamfikia yeye.

Hatua ya 4: Kazi ulizofanya

Hapa ndipo utumie muda wako mwingi. Wasifu mwingi ninaoletewa huwa na sentensi kama hii:

"Nilifanya kazi wodini. Mimi ni mchapakazi, mwaminifu na ninaweza kufanya kazi bila kusimamiwa."

Nikiisoma sijui kama aliyeandika amewahi kushika shuka. Nikaketi na kijana aliyeileta, nikamuuliza: wodi gani? Ya wanaume. Vitanda vingapi? Ishirini na vinne. Zamu ipi? Zote, ila zaidi usiku. Wahudumu mlikuwa wangapi usiku? Wawili. Mgonjwa wa kiharusi asiyeweza kujigeuza mlimfanyaje? Akanyoosha mikono hewani akanionyesha: mmoja anashika bega na nyonga, mwingine anavuta shuka ya chini, kisha mto unawekwa mgongoni. Kila baada ya saa 2, ili asitoke vidonda. Miezi 6 ya kazi ilikuwa mikononi mwake, na karatasi haikuwa na habari hiyo hata kidogo. Tukaandika hivi:

"Mhudumu wa afya (mafunzo kwa vitendo), wodi ya wanaume yenye vitanda 24, hospitali ya wilaya, Machi hadi Agosti 2024. Zamu za asubuhi, jioni na usiku.
Kuwaogesha na kuwalisha wagonjwa wasiojiweza. Kuwageuza kila baada ya saa 2 kwa maelekezo ya muuguzi.
Kutandika vitanda na kubadilisha shuka zilizochafuka.
Kupima mkojo kwa mililita na kumpa muuguzi taarifa aiandike kwenye chati.
Kupeleka sampuli maabara na kurudisha majibu.
Kutenganisha taka kwa rangi za ndoo na kusafisha vifaa kwa dawa ya klorini."

Fanya hivyohivyo kwa kila mahali ulipopita, ukianza na pa karibuni zaidi. Kila mstari uanze na kitendo. Weka idadi pale unapoikumbuka kwa hakika: vitanda, miezi, zamu. Usipokumbuka, acha bila idadi. Namba ya kubuni huanguka kwenye swali la kwanza.

Mstari wa usafi watu huuficha, wanaona aibu kuandika kwamba walipiga deki. Mimi niliyeongoza wodi nakuambia huo ndio mstari nilioutafuta kwanza. Maambukizi ya hospitali hupita sakafuni, kwenye beseni, kwenye mikono. Andika kwa undani: kutenganisha taka za kawaida, zenye maambukizi na zenye maambukizi makali, kutumia kisanduku cha vitu vyenye ncha kali na kukifunga kikijaa robo tatu, kushiriki mpango wa 5S, ule wa kupanga na kusafisha mahali pa kazi, kama ulikuwepo.

Ila kila ulichoandika uwe unaweza kukieleza kwa mdomo. Ukiandika "kuandaa dawa ya kutakasia vifaa", jopo litakuuliza unachanganyaje. Jik yenye klorini ya asilimia 3.5 huchanganywa sehemu 1 kwa sehemu 6 za maji ili kupata asilimia 0.5, na vifaa hulowekwa humo dakika 10 kabla ya kuoshwa. Ukiandika "kunawa mikono kwa kufuata utaratibu", uzijue nyakati 5: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayotaka usafi wa hali ya juu, baada ya kugusa majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vilivyomzunguka. Ukiona huwezi kujibu, kasome kwanza ndipo uandike.

Kama hujawahi kuajiriwa

Mafunzo kwa vitendo ni uzoefu. Andika kila wodi uliyozungushwa na wiki ulizokaa. Kujitolea pia ni uzoefu, iwe ni zahanati ya kijijini Mkinga au kituo cha afya cha Makorora, mradi awepo mtu wa kuthibitisha.

Na kuna uzoefu ambao vijana wetu, hasa mabinti, hawauhesabu kabisa. Mwaka uliopita alikuja binti wa Duga akiwa hana, kwa maneno yake, "chochote cha kuandika" zaidi ya cheti. Katika mazungumzo nikasikia kwamba alimuuguza bibi yake aliyepooza upande mmoja kwa miezi 14. Alimwogesha, alimlisha uji akiwa amemwinua kichwa asipaliwe, alimpeleka kliniki Hospitali ya Bombo kwa bajaji, alihesabu vidonge kila asubuhi, na bibi yule hakutoka kidonda hata kimoja. Nikamwambia: mwanangu, hicho ni kitu kikubwa. Tukakiandika chini ya kichwa "Uangalizi wa mgonjwa nyumbani", mistari mitatu, bila jina la bibi na bila kukifanya kionekane ajira. Ukiwa na kisa kama hicho kiandike hivyo, wazi, kilivyo.

Mambo ya kuacha

Usiandike kwamba ulikuwa unachoma sindano, unaweka dripu au unazalisha. Najua kwenye vituo vyenye uhaba wa watu wahudumu wengi wamesukumwa kufanya hayo. Nimekaa kwenye jopo kijana akasema kwa fahari, "mimi dripu naweka bila shida," chumba kikanyamaza. Hakujua kwamba ametuambia atavuka mipaka ya kazi yake siku muuguzi akiwa mbali. Andika "kumwandaa mgonjwa na kumsaidia muuguzi wakati wa kuweka dripu". Huo ni ukweli na ni kazi yenye heshima.

Usitaje jina la mgonjwa wala ugonjwa wa mtu anayeweza kutambulika. Usiambatishe picha uliyopiga wodini, hata kama umetokea vizuri na sare. Siri ya mgonjwa huanza kulindwa hapo.

Hatua ya 5: Elimu, mafunzo na lugha

Elimu iende kwa mpangilio wa nyuma: mafunzo ya afya, sekondari, msingi. Jina la chuo, mahali, mwaka wa kuanza na kumaliza, jina kamili la cheti. Semina fupi ziingie kama una cheti chake: huduma ya kwanza ya Msalaba Mwekundu, kukinga na kudhibiti maambukizi, kompyuta.

Kwenye lugha usiandike Kiswahili na Kiingereza pekee ukanyamaza. Mkoa wetu una Wasambaa, Wabondei, Wazigua, Wadigo, Wasegeju, na Wamaasai wanaoshuka na mifugo. Nakumbuka bibi mmoja aliyeletwa kutoka milima ya Lushoto, Kiswahili chake kilikuwa cha salamu tu. Siku mbili alikataa kula, tukadhani ni ugonjwa. Mhudumu mmoja wa zamu ya usiku akamsemesha Kisambaa, kumbe bibi alikuwa anaogopa kwamba akila ataomba kwenda haja na hajui amwambie nani. Asubuhi alikunywa uji kikombe kizima. Ukijua Kisambaa, Kizigua, Kidigo au Kimaasai, kiandike na useme unakizungumza kwa kiwango gani. Kuanzia Hospitali Teule ya Muheza hadi Magunga kule Korogwe, wagonjwa wa namna hiyo huingia kila siku.

Hatua ya 6: Wadhamini

Matangazo ya utumishi wa umma hutaka wadhamini watatu wa kuaminika. Hapa haulizwi mtu mwenye cheo kikubwa. Anaulizwa mtu aliyekuona ukifanya kazi. Mkuu wa wodi ulikofanyia mafunzo, mwalimu wa chuo, msimamizi wa zahanati uliyojitolea. Mjumbe wa mtaa au sheikh au mchungaji anaweza kuwa wa tatu. Ndugu wa damu hapana.

Nenda ukamwombe kwanza, ana kwa ana kama yuko karibu. Mwachie nakala ya wasifu wako ili akipigiwa simu aseme yanayolingana na uliyoandika. Mimi nimewahi kupigiwa simu kuulizwa juu ya kijana ambaye sikuambiwa kwamba ameniweka. Nilibabaika, na kubabaika kwangu kulimgharimu yeye.

Hatua ya 7: Mistari mitatu ya juu

Maelezo mafupi hukaa juu, lakini yaandike mwisho, ukishajua una nini mkononi. Mfano: "Mhudumu wa afya mwenye cheti cha mafunzo ya mwaka mmoja na miezi 6 ya kazi katika wodi ya wanaume na wodi ya wazazi. Nimezoea zamu za usiku na uangalizi wa wagonjwa wasiojiweza. Nazungumza Kiswahili, Kisambaa na Kiingereza cha kawaida." Yatosha. Neno "mchapakazi" waachie wadhamini wako waliseme.

Hatua ya 8: Kuchapa

Kurasa 2. Herufi za kawaida ukubwa wa 12, rangi nyeusi, karatasi nyeupe. Mapambo ya maua na fremu za rangi aachiwe mchapa kadi za harusi. Lugha ifuate tangazo. Likiwa la Kiswahili andika Kiswahili sanifu na usione haya. Ukiandika Kiingereza, mtafute mwalimu akusomee kabla hujalipia.

Hifadhi kwa PDF, faili lipe jina lako na neno wasifu. Jitumie kwenye baruapepe yako, usiache nakala pekee kwenye kompyuta ya steshenari. Kabla hujaondoka hapo, mwombe mtu mwingine asome kwa sauti wewe ukisikiliza. Makosa ambayo macho yamezoea, sikio huyanasa.

Hatua ya 9: Kutuma

Kazi nyingi za Serikali hupitia Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Nyingine za afya zimewahi kutangazwa na kupokelewa na TAMISEMI au Wizara ya Afya kwa mifumo yao. Soma tangazo linasema wapi. Fungua akaunti mapema, kabla ya wiki ya mwisho, maana siku za mwisho mtandao huelemewa na watu huishia kulia steshenari.

Mambo yanayowaangusha wengi ni haya. Vyeti viwe nakala zilizothibitishwa na wakili, pamoja na cheti cha kuzaliwa. Hati za matokeo za kidato cha nne na matokeo ya muda ya chuo hazikubaliwi. Kinachotakiwa ni cheti chenyewe. Barua ya maombi iwe na saini yako ya mkono. Yote utakayojaza kwenye mfumo yafanane na wasifu. Ukiwa tayari ni mtumishi wa umma, barua ipite kwa mwajiri wako.

Kwa hospitali na zahanati za binafsi au za mashirika ya dini, nenda mwenyewe asubuhi, umevaa nadhifu, na bahasha isiyokunjwa. Uliza kwa adabu jina la cheo cha anayepokea maombi, uandike kwenye barua. Mara nyingi ni metroni au patroni, yaani mkuu wa wauguzi. Mwamkie, mwachie, ondoka. Ukirudi kuulizia, iwe baada ya wiki mbili.

Mtu akikuambia utoe pesa ili jina lipite, huyo ni tapeli, hata akitaja majina ya wakubwa. Kuomba kazi serikalini hakulipiwi. Gharama zako ni wakili, steshenari na nauli.

Hatua ya 10: Baada ya kutuma

Andika kwenye daftari: umeomba wapi, tarehe gani, kwa wasifu upi. Simu iwe na chaji, na namba usiyoijua ipokee kwa salamu na jina lako. Orodha za walioitwa kwenye usaili hutolewa mtandaoni, hivyo ingia kwenye akaunti yako kila baada ya siku chache.

Ukiitwa, chukua vyeti halisi, kitambulisho, na nakala ya wasifu uleule uliotuma. Usiku wa kuamkia usaili usome mstari kwa mstari, na kila mstari jiulize: wakinitaka nionyeshe hili kwa vitendo, nitaanza na mkono upi? Wakati mwingine kunakuwa na kitanda chumbani, na unaambiwa ukitandike mgonjwa akiwa juu yake. Kafanye mazoezi nyumbani, mdogo wako alale, umgeuze upande, ukunje shuka chafu kuelekea mgongoni mwake, utandike nusu, umgeuze upande wa pili, uvute, ukaze pembe. Rudia mpaka asikwambie kwamba umemuumiza.